Mshale Uliofichwa kwenye Paji la Simu Yangu

Milly, mke mdogo wa mume wangu, aliichukua simu yangu mkononi mwangu, akazielekeza simu za mwanangu ziingie kwake, akaificha alama ambayo ingenionyesha, na siku Gordon alipotahiriwa akaketi yeye kwenye nguzo, mahali pa mama. Hilo ndilo kosa. Ninalitaja mwanzo kwa sababu watu wa Wanale wamelisimulia kwa namna nyingi, na katika kila namna mimi ndiye mama aliyebaki Jinja akipima samaki huku mtoto wake anamwaga damu.

Jina langu ni Nasimiyu. Nilizaliwa upande wa Kenya, karibu na barabara kuu ya Malaba, ambako baba yangu alipakua magunia kwenye malori mpaka mgongo ukamkataa. Shule niliipita kwa nje, nimembeba mdogo wangu mgongoni. Herufi nilizijua nikiwa mtu mzima, kanisani, kwenye kitabu cha nyimbo cha Kiswahili, nikifuata kwa kidole maneno ambayo mdomo ulikuwa umeshayazoea. Kiswahili ninasoma na ninaandika. Kiingereza sikijui, na simu zetu zote zimeandikwa Kiingereza.

Niliolewa na Yekosofati, askari wa magereza, mtu wa Wanale, ng'ambo ya mpaka, chini kabisa ya lile jabali linaloonekana Mbale nzima. Sote tulimwita Afande, na hata alipostaafu jina halikustaafu. Yeye alikuwa na Kiswahili cha kambini, mimi nilikuwa na cha mpakani, na nyumba yetu ikawa nyumba ya Kiswahili katikati ya majirani wanaosema Lumasaba. Walitucheka. Walisema ukipita kwa Afande jioni, hata mwanamke akiomba chumvi utadhani ni gwaride.

Nilimzalia Gordon. Alipokuwa darasa la tatu Afande akamleta Milly kutoka Namakwekwe, ambako alikuwa na kibanda cha kuuza chaja na makava ya simu. Milly amesoma, ana ulimi mtamu, na Mungu alimjalia mabinti tu. Sikufukuzwa. Nilitazama vitanda, nikatazama midomo, nikaona kuwa katika nyumba ile mmoja wetu angekuwa mgeni, na sikutaka kungoja kuambiwa ni nani. Nikaenda Jinja kuuza mukene, wale samaki wadogo wanaokaushwa Masese. Gordon nilimwacha, kwa sababu mvulana wa Wanale hutahiriwa kwenye ua wa baba yake, na anayekulia kwingine huitwa mgeni mpaka uzee.

Kazi ile nimeiweza. Mukene wangu unakaushwa juu ya nyavu, haulazwi chini, kwa hiyo hauna mchanga, na mwenye hoteli anayetaka mukene usiolia menoni anajua meza yangu iko wapi. Sisemi hivyo ili nisifiwe. Ninasema ili mjue kwamba mtu huyu ninayemwandika si mjinga wa kupotea kwenye mambo yake.

Na simu yangu nilikuwa ninaijua. Wateja wangu nimewaweka kwa picha: mwenye hoteli ni picha ya sufuria lake kubwa, anayelisha kuku ni picha ya banda, na Gordon ni picha ya sikio lake la kushoto, lililochomoza kama la babu yake. Lakini pale ninaposoma hasa ni juu kabisa, ule mstari mwembamba ambao mimi huuita paji la simu. Bahasha ikitokea, kuna ujumbe. Mshale uliovunjika, kuna mtu alinipigia nisisikie. Kengele iliyopigwa mstari, nimekaa juu ya simu ikanyamaza. Wenye shule hawalitazami paji, wao hufungua ndani na kusoma. Mimi asubuhi nikiamka hutazama paji la simu kabla sijalitazama anga, na ninajua siku yangu itakuwaje. Simu ina laini mbili. Moja ni ya soko, na namba yake imeandikwa kwa rangi kwenye meza yangu. Nyingine ni ya nyumbani, na namba yake ilikuwa na watu wa Wanale tu, nao hawakuwa na ile nyingine.

Ukaingia mwaka wa imbalu. Watu wetu hutahiri wavulana miaka ile inayogawanyika kwa mbili, na Gordon akasema mwaka huu ni wake. Nilipanda basi kwenda Mbale na gunia la ulezi la kutengenezea pombe, nikamkuta amekwisha vaa kengele mapajani, sauti imemkauka kwa kuimba. Akanikumbatia, akanipaka unga wa chachu, ule wanaopakwa wavulana wa imbalu, mpaka puani.

"Mama, Jumamosi ile ya kisu uje mapema," alisema. "Nikisimama nataka nijue uko ndani."

Nieleze hilo la ndani. Mvulana anaposimama uani mbele ya kisu, mama yake haonekani. Huwa ndani na wanawake wa ukoo, ameketi chini, ameikumbatia nguzo ya kati kwa mikono na miguu, kama alivyokaa siku ya kumzaa. Hasemi. Mtoto asipotikisika nje, mama asitikisike ndani. Filimbi ikilia kwamba kisu kimemaliza, mama ndiye wa kwanza kupiga kigelegele, na hapo mtoto anajua kwamba amezaliwa mara ya pili na aliyemzaa ni yule yule. Nyumba ya Afande ni ya matofali, haina nguzo ya kati. Kwa hiyo ukoo wao hutumia jiko la nyasi la mama mkwe wangu, Kukhu Selpher, ambalo amekataa lisibomolewe kwa sababu hiyo hiyo.

Siku ile tulikaa uani tukichambua ulezi, na habari iliyokuwepo ni kwamba mzee mmoja wa ukoo, kule juu jabalini, alikuwa mahututi. Afande akasema akifariki, wavulana itabidi wakatwe kabla ya maziko, maana ukoo hauwezi kucheza ngoma na kulia kwa pamoja.

"Mkisogeza siku, nipigieni," nilisema. "Hata iwe usiku wa manane. Nitapanda chochote, hata lori la ng'ombe."

"Lori la ng'ombe ndiyo inakutosha," Afande akasema. Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa sababu mwili ninao na sijaukana.

Milly naye alicheka. Kisha akasogea karibu yangu, akainamia simu iliyokuwa mapajani mwangu.

"Dada mkubwa! Huku juu kumejaa hivi? Kama ukuta wakati wa kampeni. Kila mtu kabandika uso wake."

"Hayo ndiyo macho yangu," nikamwambia.

"Macho gani yanakula betri? Lete nikusafishie. Mjini watu wanalipa kufanyiwa hivi."

"Usifute sikio la Gordon."

"Naanzaje kufuta sikio la mume wetu mdogo!"

Wanawake wakapiga makofi kwa utani ule. Nikampa simu, nikarudi kwenye ulezi. Aliporudi nayo, paji lilikuwa jeupe. Saa upande mmoja, betri upande wa pili, katikati hakuna kitu.

"Zimekwenda wapi?"

"Zimelala. Ukizitaka, unavuta pazia hivi, unaziona zote." Akavuta kwa kidole kutoka juu kwenda chini, na kweli bahasha na mishale ikaonekana pale ndani. "Uso wa simu ya mama wa mwanamume lazima uwe safi."

Nikasema asante. Nilisema kwa sauti, mbele za watu.

Nikarudi Jinja kuweka biashara sawa kabla ya Jumamosi. Pazia nikazoea kulivuta, na laini ya soko ikaendelea kulia kama kawaida. Laini ya nyumbani ilikuwa kimya, nikaona wana shughuli. Nilimpigia Afande mara moja, ngoma za kadodi zikamzidi, akapaza sauti, "Jumamosi! Jumamosi!" kisha akakata. Siku zilizofuata nilikuwa Masese nikinunua mzigo wa kumwachia jirani yangu auze nikiwa Mbale. Jumamosi alfajiri nilikuwa kwenye basi la kwanza, na begani nina blanketi jipya la Gordon, jekundu, ili damu isionekane.

Nilishuka kwenye boda boda pale njia panda ya kwetu, nikasikiliza. Hakukuwa na ngoma. Nikamwuliza dereva kama leo si siku ya kwa Afande.

"Kwa Afande walimaliza Jumatano, mama. Mtoto alisimama kama mti. Wewe ni mgeni wao?"

Nilitembea. Uani majani ya migomba yalikuwa yamekwisha kauka, mitungi ya pombe imelazwa. Afande alikuwa kwenye kiti chake, na aliponiona hakuinuka.

"Wewe mwanamke gani?" alisema. Akikasirika Kiswahili chake hurudi kambini chote. "Mzee juu nakufa Jumatatu. Mimi napiga simu kwako, hapana shika. Mtoto napiga, hapana shika. Mtoto iko mbele ya kisu, macho yake iko barabarani."

"Simu haikulia."

"Haikulia! Masikio yangu mwenyewe nasikia inaita."

Niliitoa simu, nikavuta pazia mbele yake, nikamwonyesha kwamba hakuna mshale hata mmoja wa laini ya nyumbani. Akatazama pembeni. Milly alikuwa amesimama mlangoni na wanawake wawili nyuma yake.

"Dada mkubwa, basi tuseme ukweli," akasema, kwa upole ule wa mtu anayemsaidia mgonjwa. "Mimi nilikupata Jumanne. Nikakuomba uje. Ukaniambia ukiacha mzigo wako samaki wataoza."

"Mukene mkavu unaozaje?"

Kukhu Selpher, aliyekuwa amekaa kwenye mlango wa jiko lake, aliinua kichwa akamtazama Milly, akaendelea kumtazama.

"Ndivyo ulivyosema," Milly akasema. Kisha akanyoosha mkono. "Lete simu, nikuangalizie ina ugonjwa gani."

Mkono ule ulikuwa na haraka kuliko sauti yake. Wakati ule sikuelewa ni kwa nini. Nilikuwa na hasira tu, nikaitia simu kifuani na kusema mtu asiniguse.

Gordon alikuwa amelala chumbani, miguu mbali mbali, leso imetundikwa juu yake kwa kamba ili isimguse. Nilimfunika kwa blanketi mabegani. Aliendelea kutazama ukuta.

"Nilikupigia mimi mwenyewe, mama. Jumatatu na Jumanne. Iliita mpaka ikakatika."

"Mwanangu, haikulia kwangu."

"Iliita," alisema. "Nikajiambia, akija au asije, nitasimama. Nikasimama. Halafu nikasikia kigelegele jikoni, nikadhani umefika. Nikacheka, mama. Nilicheka na damu inatoka. Aliyetoka jikoni alikuwa Mama Milly."

Nilikaa naye mpaka akalala. Sikumlilia mbele yake. Nje, nilimwuliza Kukhu Selpher ni nani aliyemkalisha Milly kwenye nguzo, akasema hakuna aliyemkalisha. Mkataji alikuwa amefika, wanawake wanatazamana, Milly akaingia akaketi, akaikumbatia. Nguzo haiwezi kuachwa tupu wakati kisu kiko nje. Kila mtu anajua.

Niliporudi Jinja nilikwenda kwa Shamirah kabla hata sijafungua meza. Shamirah anatengeneza simu kwenye ngazi za soko, ana hijabu yenye mifuko na ana maneno makali, na Kiswahili chake ni cha nyumbani kwao, hakitafuti njia. Nilimweleza. Hakuniuliza maswali. Alichukua simu yake, akaipigia laini yangu ya nyumbani, akaweka sauti ya nje. Kwake iliita. Yangu, mezani kati yetu, ilikaa kama jiwe.

Kisha mtu akapokea.

"Haloo? Nani?" Ilikuwa sauti ya Milly.

Shamirah hakupepesa. "Samahani mama, nilikuwa natafuta fundi wa cherehani," akasema, akakata. Akanitazama. "Huyo ni nani?"

"Ni mke mwenzangu."

"Basi mke mwenzako ndiye anayeshika simu zako. Subiri."

Akaingia ndani ya simu yangu, akafungua mlango huu na ule. Akaniambia kuna mahali ambapo mtu anaweza kuchagua alama zipi zikae juu na zipi zifichwe, moja moja, na kwangu zimezimwa zote. Akaanza kuziwasha. Bahasha ikarudi. Kengele ikarudi. Na pembeni ya laini ya nyumbani ikatokea alama ambayo sijawahi kuiona tangu nianze kumiliki simu: kipokea simu kidogo, na mshale unatoka ndani yake kwenda nje.

"Unaiona hii?" Shamirah akasema. "Maana yake kila anayepiga hapa anapelekwa kwingine. Ungeiona asubuhi ile ile, ungeniuliza."

"Ningekuuliza siku ile ile."

"Alijua. Ndiyo sababu alifagia ua mzima, ili hii moja isionekane." Akabonyeza nyota na tarakimu, ujumbe ukatokea, na ndani yake namba. Namba hazihitaji shule. Ile ilikuwa ya Milly, mwisho wake ni saba tatu, kama ilivyochorwa kwenye kibanda chake Namakwekwe.

Mkono wa Milly wa Jumamosi ndipo nilipouelewa. Kitu kile hakiondolewi kwa mbali. Kilihitaji simu yangu mkononi mwake, na mimi nilikuwa nimeitia kifuani.

"Nikiondoe?" Shamirah akauliza.

"Usikiguse. Acha alama zote juu, na huo mshale uache hapo hapo."

Akacheka mpaka akashika ngazi. "Mama Gordon, wewe ungefaa kuwa polisi."

"Mume wangu alikuwa askari. Najua mfungwa huletwa na ushahidi wake."

Wiki zile nilifanya kazi na mshale ule kwenye paji la simu. Kila asubuhi nilikuwa nauona. Sikumpigia mtu. Mtu mwenye haki ana haraka ya nini? Nilikuwa naogopa jambo moja tu, kwamba Gordon atapona akiwa bado anaamini alisimama peke yake, na mvulana akiponea kwenye imani ya namna hiyo hubaki nayo. Ataoa nayo, atazaa nayo, na siku moja atawaambia watoto wake kwamba bibi yao alichagua samaki.

Alipopona, baba yake akaita ukoo kuja kula na kumvika nguo za utu uzima. Sikuitwa. Kama waliniita, waliita kwa Milly. Siku yenyewe niliijua kutoka kwa abiria wa Mbale aliyenunua kwangu, nikafunga meza.

Nilifika watu wameketi kwenye viti vya kukodi. Milly alikuwa katikati ya shughuli, amevaa gomesi mpya, na simu ameitia kifuani. Mlio wa simu yake ni jogoo. Wanale yote inamjua jogoo wa Milly, na siku ile aliwika tangu nilipoingia: mwenye soda anauliza njia, mwenye turubai anataka kuondoka. Nilifurahi kumsikia. Siku zile za Jumatatu na Jumanne lazima jogoo yule alikuwa amezimwa, la sivyo Gordon angemsikia akiwika kila anaponipigia.

Niliwasalimu wazee nikapiga magoti, nikamsalimu Kukhu Selpher, kisha nikaenda kusimama mbele ya Gordon. Alikuwa amekwisha vaa suruali mpya na koti. Mabega yamepanuka.

"Karibu, mama," alisema, kama unavyomkaribisha mke wa mwalimu.

"Sina maneno mengi," nikamwambia, na nikasema ili viti vyote visikie. "Nipigie simu."

"Si uko hapa?"

"Ndiyo maana. Nipigie kwenye ile laini ya nyumbani. Namba ile ile uliyopiga ukiwa na chachu kichwani."

Afande akasema, "Huyu mwanamke nataka kuharibu sherehe."

"Afande, mtoto wako ni mwanamume sasa. Ataamua mwenyewe kama ataharibu."

Gordon akatoa simu yake. Niliweka yangu juu ya meza, kwenye sinia tupu, ili kila mtu aione. Milly alikuwa amebeba birika. Nilimwona akilitafuta mahali pa kuliweka, na hapakuwa na mahali, na mikono yake miwili ilikuwa kwenye mpini na kwenye kitako cha moto cha birika.

Simu ya Gordon ikaita. Simu yangu kwenye sinia ikakaa kimya.

Na jogoo akawika kifuani mwa Milly.

Mwanzoni watu hawakushtuka, walizoea. Gordon alikuwa bado na simu sikioni. Akaitazama yangu. Akamtazama Milly. Akakata, na jogoo akakatika katikati ya kuwika. Akapiga tena. Jogoo akaanza upya.

"Ni mtu wa soda," Milly akasema.

"Mtu wa soda ni huyu hapa," akasema mtu wa soda, aliyekuwa anakula.

Gordon akapiga mara ya tatu. Akaondoka mezani na simu inaita, akatembea mpaka kwa Milly, akasimama mbele yake huku jogoo anawika kati yao, naye Milly na birika lake akaanza kulia. Kukhu Selpher aliinuka kwa fimbo yake. Kikongwe yule hajui simu, ila Biblia anaijua.

"Petro naye alilia," akasema, "lakini yeye hakungoja jogoo awike mara ya tatu kwenye nguo yake mwenyewe."

Nikawaonyesha mshale. Niliwaonyesha mmoja mmoja, wazee kwanza, nikieleza bila haraka maana yake na jinsi ulivyofichwa, kama ninavyomweleza mteja mukene wenye mchanga na usio na mchanga. Afande aliishika simu muda mrefu. Alikuwa amenisikia, nikisema haikulia. Alikuwa pia na Milly ndani ya nyumba ile siku zote mbili, na jogoo wa mke wake ambaye hanyamazi hata kanisani alikuwa kimya, na hakujiuliza.

Gordon alirudi, akanishika mkono mbele ya watu wote, akanipeleka jikoni kwa Kukhu Selpher. Tuliinama tukaingia. Akaniomba niketi. Niliketi chini, nikaikumbatia nguzo ile iliyojaa moshi, mikono na miguu, mama mtu mzima mwenye mwili wangu. Akasimama mlangoni, mgongo kwangu, uso nje, kama siku ile. Akasubiri.

Nilipiga kigelegele. Nilikipiga mpaka kuku wakatoka kwenye migomba. Gordon akacheka, na safari hii alipogeuka aliyetoka jikoni ni mimi.

Mshale nimeuondoa. Shamirah aliubonyeza ukapotea, na alama nyingine zote nimeziacha juu, zijae kama ukuta wakati wa kampeni. Gordon hunipigia kila Jumapili baada ya kanisa, na inalia mezani kwangu.

Lakini hesabu haijafungwa. Siku ile Milly alisema mbele ya wazee, "Naomba msamaha kwa usumbufu wa simu." Simu haikusumbuliwa. Kuna wanawake walioketi naye jikoni Jumatano ile, wakamshika mabega, wakamwita mama wa mwanamume, na kwenye maji na sokoni bado wanamwita hivyo. Milly anadaiwa kuwaita wanawake hao, wale wale, kwenye jiko lile lile, na kuwaambia kwa kinywa chake: nilijua anatafutwa, nilijua kwa nini hashiki, na nikaketi mahali pake. Kigelegele cha kwanza hakiwezi kurudishwa. Maneno hayo yanaweza kusemwa.

Naye Afande Yekosofati, aliyenihukumu uani bila kuuliza kwa nini jogoo alikuwa amenyamaza, anadaiwa kusimama mlangoni Milly anapoyasema, ayasikie yote, na kisha aniombe radhi kwa Kiswahili, ile lugha ya nyumba yetu.